Mguu wa Sadala na Lengo la Kijiji

Sadala Mhina hakuwahi kukusudia kuwa mkimbiaji. Alikuwa anachelewa tu.

Tulipohamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne, lori lilibeba milango, vitanda, vinu, kuku na mabibi vizee, likarudi likabeba mbuzi. Mashamba halikubeba. Mashamba hayakuhudhuria mkutano, basi yakabaki kule kule yalikokuwa. Nyumba ya Sadala ikawa Kwemlanga, kijiji kipya cha Ujamaa huku Kang'ata, imepangwa mstarini na wenzake kama askari wa gwaride. Shamba lake la muhogo likawa kwenye mahame, ng'ambo ya vilima viwili, maili sita kwa mguu. Ngedere wa kule nao hawakuhamishwa. Waliachiwa nchi nzima bila kudai uhuru wowote, wakaanza kujitawala kwenye muhogo wa Sadala.

Mkewe, Mwantumu, alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini kila neno lilitua kama mchi. Alimwambia mara moja tu: "Baba Mwaija, bada ya watoto iko kule. Ukiwaachia ngedere, sisi huku tutakula hotuba."

Bada ndiyo ugali wetu wa muhogo. Hotuba tulikuwa nazo za kutosha, ila hazishibishi.

Basi kila alfajiri Sadala alikimbia hadi mahame, akawatupia ngedere mawe na matusi, akang'oa muhogo wa siku hiyo, akautia kwenye pakacha, akakimbia kurudi ili awahi kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya ofisi. Ikigongwa, kila mtu awe ameshika jembe kwenye shamba la ujamaa. Asiyekuwepo, jina lake linasomwa mkutanoni mbele ya wakwe zake. Njaa mtu anaweza kuivumilia. Kusomwa mbele ya mama mkwe, hapana.

Ukimtazama usingedhani. Miguu yake ilikuwa myembamba kama mipini ya majembe, magoti yameelekeana kana kwamba yana siri ya kuambiana, na unyayo wa kushoto bapa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Utotoni alitumbukia kwenye shimo la mtego wa nguruwe, kifundo cha mguu huo huo wa kushoto kikateguka, na bibi yake akakirudisha kwa mafuta ya nyonyo na kofi. Lakini kwenye njia ile ya mchanga, pekupeku au kwa katambuga zake za tairi, alikimbia mwaka mzima bila kuumwa hata ukucha.

Mtu wa kwanza kugundua kwamba huku ni kukimbia, si kuchelewa, alikuwa katibu wa kijiji, Bwana Hiza. Huyu alihudhuria kozi ya miezi mitatu ya mambo ya mipango, na tangu aliporudi hakutamka tena neno "kazi". Alisema "lengo". Hata mkewe akimwekea chakula mezani, alinawa mikono akasema lengo limetimia. Siku ya kugundua alikuwa anatoka Handeni mjini na baiskeli, anaisukuma kwenye mlima, ulimi nje, mara akapitwa na mtu mwenye pakacha la muhogo kichwani.

"Pole na safari, Katibu!" mtu akasema, akapotelea kileleni.

Bwana Hiza akasimama. Mfukoni alikuwa na tangazo la wilaya: sikukuu ya Saba Saba kutakuwa na mbio za vijiji, kutoka njia panda ya Segera hadi Korogwe mjini, juu ya lami. Kijiji cha mshindi kitapewa mashine ya kusaga.

Sasa, usiicheke mashine ya kusaga. Mwaka ule mvua ilitukimbia kuliko Sadala, tukawa tunakula mahindi ya njano ya msaada tuliyoyabatiza yanga. Yanga ilikuwa ngumu kama kokoto. Wanawake wetu waliitwanga mpaka mikono ikavimba. Bibi Hamisa, mwenyekiti wa kina mama, aliposikia neno "mashine" alifumba macho kama mtu anayesomewa dua.

Kamati ikakutana ofisini. Zamani tungekutana chini ya mti, lakini miti ilikatwa yote kujenga ofisi.

"Ndugu wajumbe," alianza Bwana Hiza, "kutoka Segera hadi Korogwe ni kilomita kumi na saba hivi. Ndugu Sadala, kwa sasa unakimbia kiasi gani?"

"Maili sita kwenda, Katibu. Na sita kurudi."

Balozi mmoja aliyewahi kuuza dukani akapiga hesabu kwa vidole. "Mbona basi anazipita hizo kilomita tayari? Tumlishe tu, tungoje siku."

Bwana Hiza akatabasamu kwa huruma, kama wanavyotabasamu watu waliokwenda kozi. "Ndugu Balozi, hizo ni mbio za mtu binafsi. Anakimbilia muhogo wake. Hatuwezi kuingiza ubinafsi kwenye takwimu za kijiji. Kwa upande wa mbio za kijamaa, Ndugu Sadala yuko sifuri."

Sadala, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amevuka vilima vinne, viwili kwenda na viwili kurudi, akaangalia miguu yake kwa masikitiko. Kumbe ilikuwa imelala.

Mpango ukapitishwa. Wiki ya kwanza, mbio za kijamaa kidogo kila jioni. Wiki ya pili, mara mbili yake. Wiki ya tatu, mara mbili ya hizo mara mbili.

"Si nyingi mno?" aliuliza Bibi Hamisa.

"Bibi, pamba mwaka jana tuliongeza lengo mara mbili."

"Na tulivuna?"

"Kuvuna ni suala jingine. Lengo lilipita kwa kauli moja."

Sadala akainua mkono. "Naomba kuuliza, Katibu. Siku ya mapumziko itakuwa ipi?"

Bwana Hiza akavua miwani. "Ndugu Sadala. Adui zetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hivi wewe uliwahi kuona umaskini umepumzika?"

Kweli, hakuwahi kuona.

"Na kulima je? Siku za mbio nitasamehewa shamba la ujamaa?"

Hapo ndipo wajumbe walipomkatalia kwa sauti moja. Mwenzetu akimbie sisi tukiinama? Huo ni utabaka. Ikaamuliwa alime kwanza kama raia, kisha akimbie kama mwakilishi. Safari ya mahame haikujadiliwa, kwa kuwa kwa upande wa takwimu haikuwepo.

Kwa vile Segera ni lami, ikasemekana mazoezi ya mchangani yatamlainisha mgombea. Lami hatukuwa nayo, basi akapewa barabara ya kifusi, ngumu kama kaburi, iliyoinuka mgongoni kama kobe na kushuka pembeni. Akaagizwa akimbilie upande wa kushoto daima, kama sheria ya barabara inavyotaka, ingawa gari lilipita pale kwa nadra, na likipita tulitoka nje kulitazama. Basi jioni zote mguu wa kushoto wa Sadala ulikuwa unakimbia bondeni na wa kulia mlimani.

Vikabaki viatu. Bwana Hiza alisema mwakilishi wa kijiji hawezi kukimbia na tairi la gari miguuni, wageni watadhani limempasukia. Akampeleka Handeni mjini kwa Chimanlal, mwenye duka aliyejulikana kwa kutokubali kamwe kwamba kitu kimekwisha. Uhaba ulikuwa umefika hata kwake. Akapanda ngazi, akashuka na raba mbili zilizokaa dirishani tangu kabla ya Uhuru. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine imebabuliwa na jua ikawa rangi ya chai.

Sadala akazijaribu. "Bwana Chimanlal, hii ya kushoto inabana. Na hii ya kulia inapwaya."

"Namba yako ngapi?"

"Nane."

"Vizuri sana. Ya kushoto saba, ya kulia tisa. Zigawe katikati unapata nane. Nani atakupa nane sahihi kuliko hiyo wakati huu?"

Soli zilikuwa zimekauka hadi ukizigonga zinajibu kama mlango. Bwana Hiza akasema ndio uimara.

Wiki ya tatu ugoko wa kushoto ukaanza kuuma, chini kidogo ya katikati, mahali pasipozidi upana wa kidole gumba. Mwanzoni uliuma akianza kukimbia, ukachoka wenyewe akishapata joto. Kisha ukawa hauchoki. Kisha ukawa unauma hata akisimama kuimba wimbo wa chama. Akamweleza Bwana Hiza.

"Vizuri!" Bwana Hiza alisema. "Ina maana lengo limeanza kuingia mwilini."

Sadala akaenda zahanati.

Mganga wa zahanati yetu alikuwa Fabiani, Mnyamwezi wa Tabora, mnene, mcheshi, aliyekuwa tabibu jeshini kabla ya kuletwa kwetu na sanduku la aspirini na chupa ya dawa ya macho. Alimlaza Sadala kwenye benchi, akaupapasa ugoko polepole kwa kidole gumba kutoka gotini kushuka. Alipofika pale mahali, Sadala aliruka akamtaja bibi yake marehemu.

"Hebu simama kwa mguu huu mmoja, urukeruke."

"Mara ngapi?"

"Ukiweza mara mbili nakuachia zahanati."

Hakuweza hata moja. Fabiani akakuna kidevu. "Mwaka mzima umekimbia mahame hukuumwa. Nini kimebadilika?"

Sadala akafikiri. "Kamati."

"Sikiliza, mtani. Mfupa huu uko njiani kupasuka. Umeongezewa mbio kabla mwili haujazoea za jana, kwenye kifusi kigumu, upande mmoja, na viatu ambavyo hata maiti angevikataa. Na mguu wenyewe ulishaumia zamani. Wiki sita usikimbie. Ukikimbia Saba Saba, utavunjika barabarani mbele ya watu."

Sadala akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampiga Fabiani begani, akasema, "Nyinyi Wanyamwezi nyinyi!" Akachukua aspirini, akaondoka akichechemea na kucheka.

Si kosa lake. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipopita kwetu na mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukania ukoo, kukuvua kofia, kudai mbuzi wako kwa kosa la kumtazama vibaya, nawe ukinuna unajitafutia mkosi. Kwenye misiba ndiyo usiseme. Mzee Mbaruku alipofariki, Fabiani aliingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu hajafa, anakwepa shamba la ujamaa. Mjane mwenyewe alicheka hadi akashikiliwa.

Sasa mtu kama huyo akikwambia mfupa wako utavunjika, utafanya nini? Fabiani alimwandikia Sadala cheti cha mapumziko. Bwana Hiza akakisoma mkutanoni, watu wakashika mbavu. Fabiani akasimama akaapa kwa kaburi la mama yake. Tukampigia makofi. Akavua kofia, akatusihi, machozi yanamlengalenga. Bibi mmoja akasema, "Huyu wa Tabora kweli ana kipaji."

Zikabaki siku chache kufika Saba Saba. Sadala alikuwa anakwenda mahame akitembea, anarudi na pakacha nusu. Ngedere walishajua. Walikuwa hawakimbii tena akifika, walisogea kidogo tu kumpisha, kama watu kwenye benchi. Alfajiri Mwantumu alimsikia akiteremka kitandani kwa kushikilia ukuta. Hakumuuliza kitu, maana mwanamume wa Kizigua ukimuuliza kama anaumwa anapona papo hapo, kwa ubishi. Alijifunga kanga, mchana kweupe, akaenda zahanati.

"Mtani," alimwambia Fabiani, "leo utani uuache nje na viatu vyangu. Mume wangu ana nini?"

Fabiani akafunga mlango. "Mama Mwaija, mpini wa jembe lako huvunjika siku moja?"

"Hapana. Huanza ufa kama unywele. Usipouona ukaendelea kulima, siku moja unabaki na mti mkononi."

"Basi ndio huo. Tofauti ni kwamba mpini haujiungi, mfupa hujiunga. Mtu akikimbia, mfupa unabomoka kidogo. Akipumzika, mafundi wanaingia, wanaujenga imara kuliko mwanzo. Mwaka mzima mafundi wa Sadala walikwenda sambamba na wabomoaji. Sasa kamati imeleta wabomoaji mara nne, na mafundi imewanyima likizo. Jeshini nimewaona vijana wa vijijini, wazima kama ng'ombe, wiki ya nne wanatembelea fimbo, kwa kuwa afande aliongeza mbio kwa pupa. Wako waliosikia mfupa ukilia kama kijiti."

"Na ukivunjika?"

"Miezi mingi. Na ukiunga vibaya, mahame atayaona kwenye baiskeli ya watu."

Mwantumu akatazama sakafu. Hakuwa anaona mfupa. Alikuwa anaona sufuria.

"Mbona hukusema hivi?" akauliza.

"Sikusema? Mama Mwaija, nikisema ukweli wanacheka. Nikiapa, wanapiga makofi. Nifanye nini?"

Mwantumu akainuka, akakaza kanga. "Acha kusema ukweli. Wanakutaka mtani. Wape mtani."

Asubuhi ya Saba Saba lori lilikuja kutuchukua kwenda Segera. Ngoma zilikuwa zinalia, kina mama wamevaa sare, Bibi Hamisa amekuja na debe tupu la kuletea unga wa kwanza. Sadala alisimama kando ya lori na raba zake mbili zisizofahamiana, anatabasamu kwa meno yaliyoumana. Bwana Hiza alikuwa juu tayari, anahutubia. Injini ilikuwa inanguruma.

Mara kikasikika kilio kutoka zahanati.

"Uwiii! Uwiii! Mtani wangu amenitoka!"

Fabiani alikuja mbio, amevaa kanga ya mkewe, uso mzima majivu, anaburura machela. Hakumsalimia mtu. Alimfunika Sadala shuka jeupe la zahanati, akampiga ngwala ya taratibu, akamlaza kwenye machela, kisha akamkalia kifuani kwa uzito wake wote wa Tabora.

Kijiji kikalipuka. Watu walianguka kwa kicheko.

"Mtani, niachie, lori linaondoka," ilisema sauti chini ya shuka.

"Nyamaza wewe. Umekufa tangu saa moja."

"Ndugu Fabiani!" Bwana Hiza alipaza sauti juu ya lori. "Tuna ratiba!"

"Nendeni na ratiba yenu. Maiti ni wangu, hasafiri mpaka akombolewe."

Wakamletea jogoo. Akamkataa, akasema ana sura ya mjumbe wa kamati. Wakataja mbuzi. Akasema mbuzi wa Wazigua wamezoea kuhamahama, hawashibishi. Watu walizidi kucheka. Ndipo Fabiani alipofunua shuka upande wa miguu, akauinua mguu wa kushoto mbele ya kila mtu, akaweka kidole gumba chake pale chini kidogo ya katikati, akabonyeza.

Sadala akalia.

Hakikuwa kilio cha utani. Kilitoka mahali ambapo mtu haigizi. Mpiga ngoma mkubwa akasimamisha fimbo hewani. Mwantumu alikuwa amesimama pembeni, mkono mdomoni. Ugoko ulikuwa na uvimbe mdogo kama kokwa ya ukwaju chini ya ngozi, na wengi wetu, wacha niseme hivyo, tulikuwa hatujawahi kuutazama mguu ule tangu tuuchague.

"Huyu maiti," Fabiani akasema polepole, bado amemkalia, "mlimuua nyinyi. Nataka mfiwa mkuu. Ni nani hapa alimpenda marehemu kuliko wote? Nani alimpangia maisha?"

Vidole vyote vikaelekea juu ya lori.

"Basi mfiwa ammalizie marehemu kazi yake. Fidia yangu ni hiyo. Katibu akimbie."

Bwana Hiza alishuka, uso umemwiva. "Huu ni ukale! Unahujumu sikukuu ya taifa! Nitakuripoti wilayani, wewe na mila zako, nitahakikisha..."

Akanyamaza mwenyewe, maana alikuta hakuna anayecheka. Alikuwa Mzigua kama sisi, mama yake akiishi nyumba ya tatu kutoka ofisini.

Bibi Hamisa akaweka debe chini. Yeye ndiye aliyeitaka mashine kuliko sisi sote. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya mchi siku hiyo hiyo.

"Katibu," alisema, "umemkasirikia mtani."

"Bibi, mimi..."

"Mama yako mzima, Mungu amweke. Siku akiondoka, watani wasipokuja, nani atakutoa machozi? Utamzika kwa lengo?"

Bwana Hiza akatazama nyumba ya tatu.

Bibi Hamisa akainama, akafungua kamba za raba kwenye miguu ya maiti, akamkabidhi Katibu zote mbili. "Hizi hapa. Yanga nimeitwanga mwaka mzima. Nitaitwanga tena."

Raba zilimtosha Bwana Hiza kwa wastani.

Waliokwenda Segera walitusimulia. Bunduki ilipolia, vijana wa vijiji vingine walitoweka kama mvua ya mwaka ule. Bwana Hiza akabaki na wauza machungwa wa njia panda, ambao walimsindikiza kwa ushauri hadi wakachoka. "Mzee, basi la Korogwe linapita hapa hapa!" mmoja alimwambia. Hakupanda. Lazima tumpe haki yake, hakupanda. Kijana wa Magoma alishinda, akapewa mashine, wageni wakahutubia, viti vikaanza kukusanywa, ndipo Bwana Hiza alipotokea kwenye uwanja wa Korogwe akikimbia kwa mtindo wa mtu anayekanyaga makaa. Hakuna aliyempokea ila mzee mmoja mwenye ufagio. Taarifa aliyoituma wilayani ilisema kijiji kilikusudia kupeleka mkimbiaji mmoja, na mkimbiaji mmoja alifika. Asilimia mia.

Kesho yake alipelekwa zahanati kwa machela ile ile. Vidole vya miguu vilikuwa vimepoteza kucha mbili, na kano la kisigino limevimba kama mkia wa mjusi aliyeshiba. Fabiani akampapasa, uso umekunjamana kitabibu.

"Katibu, hili halihitaji utani. Wiki mbili usikanyage ofisi."

Tulikuwa dirishani, tunangoja acheke. Bwana Hiza hakucheka.

"Andika tatu," alisema.

Ikabaki habari ya muhogo. Sadala alikuwa amelazwa kwake, mguu juu ya gunia, amri ya mtani wake haivunjwi, na mahame ni maili sita. Siku ya pili Bibi Hamisa alipita nyumba kwa nyumba na fimbo. "Tulitaka mashine kwa miguu ya mwenzetu," aliwaambia wanawake. "Twendeni sasa kwa yetu." Wakawa wanakwenda kwa zamu, wanaimba njia nzima, wanafukuza ngedere kwa vigelegele, wanamletea Mwantumu pakacha limejaa. Bwana Hiza, aliporudi ofisini, alikataa kuziandika safari zile, kwa kuwa zilikuwa za kumsaidia mtu binafsi. Hivyo ujamaa pekee uliofanya kazi Kwemlanga mwaka ule haumo kwenye takwimu.

Wiki sita zilipokwisha, Fabiani alimbonyeza tena Sadala pale mahali. Sadala akangoja bibi yake aje mdomoni, hakuja.

"Sasa anza kutembea," Fabiani akamwambia. "Ukizoea, kimbia mpaka mti wa mkole wa kwanza njiani, halafu tembea. Wiki inayofuata, mkole wa pili. Siku moja katika wiki ukae kitako. Njia ya mchanga, katambuga zako. Na wakikuita kwenye kamati, sema umekufa, mimi nina ushahidi."

Asubuhi ya kwanza aliyokwenda mahame mwenyewe, ngedere walikuwa wamenenepa, wakapata shida kupanda miti. Alirudi polepole, mkole mmoja akikimbia, mikole mingine akitembea, pakacha kichwani. Njiani akaisikia rimu ikigongwa. Hakuongeza mwendo.

Bwana Hiza alikuwa kwenye shamba la ujamaa na orodha ya mahudhurio, ameegemea fimbo, kiatu kimoja amekikanyaga kisigino. Mama mkwe wa Sadala alikuwa kwenye mstari wa kwanza, anasikiliza.

"Umechelewa," alisema Bwana Hiza.

"Nimechelewa, Katibu."

Bwana Hiza akautazama mguu wa kushoto kwa muda mrefu. "Unauma?"

"Hauumi."

Bwana Hiza akahamisha uzito kutoka kisigino kimoja hadi kingine, akakunja uso, kisha akashusha kalamu akaweka alama ya kuwepo.

"Chukua jembe," alisema. "Taratibu."